Kipaza Sauti cha Ngedere

Wanyama walipoanza kucheza kriketi, Ngedere alipewa kazi ya kutangaza mechi, maana kunyamaza hakuwezi.

Siku ya fainali, Nguchiro aliupiga mpira juu kabisa. Kiboko akaukimbilia, ukamponyoka mikononi.

"Jamani, jamani!" Ngedere akapayuka kwenye kipaza sauti. "Ule hata bibi yangu angeudaka, tena ameshika kikombe cha chai!"

Watazamaji wakaangua kicheko. Kiboko akaketi katikati ya uwanja, akagoma kunyanyuka, na hakukuwa na wa kumnyanyua. Mechi ikasimama.

Mwamuzi Korongo akamfuata bibi yake Ngedere, ambaye kweli alikuwa jukwaani akinywa chai. "Bibi, umetajwa. Njoo udake."

"Mimi?" Bibi akacheka. "Ashuke mwenye maneno akadake mwenyewe. Hicho kipaza sauti nipeni mimi."

Ngedere akashuka kwa mbwembwe. Nguchiro akapiga. Mpira ukapaa, Ngedere akarudi nyuma, akaja mbele, akafumba macho. Ukatua utosini mwake.

"Ameudaka kwa kichwa!" Bibi akatangaza. "Wala sishangai. Huyu mpaka leo nammenyea ndizi!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko.

"Bibi, taratibu!" Ngedere akalia. "Wote wanasikia!"

"Kwani Kiboko hana masikio, mume wangu?" Bibi akamjibu, akapuliza chai yake.

Kiboko alicheka mpaka akanyanyuka mwenyewe. Mechi ikaendelea, na kile kipaza sauti Bibi hajakirudisha hadi leo.