Mazoezi ya Kumuaga Kanali

Jeneza liliteleza.

Askari wa mbele kushoto alilidaka kwa goti, bendera ikamfunika uso, na wenzake watano wakabaki wameduwaa katikati ya ukumbi. Sajini Meja, ambaye kikosi kizima kilimwita Chuma, hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililowatisha.

"Shusheni. Fungueni. Punguzeni mchanga," alisema. "Afande hana uzito huo."

Kweli hakuwa nao. Binti yake Kanali, aliyesimama kwenye mimbari na karatasi mkononi, aliwatazama wakitoa mfuko mmoja wa mchanga, kisha wa pili, moyo ukamuuma. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umemla baba yake akabaki mifupa. Bingwa wa jeshi wa kuruka viunzi, mtu mwenye kifua kama mlango, leo anakadiriwa kwa mifuko ya mchanga.

Jeshini kila kitu hufanyiwa mazoezi: gwaride, shabaha, hata kuzika. Na haya yaliendeshwa kwa maagizo ya Kanali mwenyewe, neno kwa neno. Wabebaji wasiyumbe. Wasifu usizidi dakika nne. Msomaji asilie. Na msomaji alimchagua yeye, binti pekee, mfamasia asiyejua hata kupiga saluti. Tangu alipokataa kuvaa magwanda, yeye na baba yake walisalimiana tu, kama majirani waliogombania mpaka wa shamba.

"Siku yenyewe ni lini, Afande?" askari mmoja aliuliza.

Chuma alimkata jicho. Askari akarudi mstarini.

Shangazi mtu, dada yake Kanali, alikuwa ameketi kiti cha mbele na mkoba wake mapajani. "Jikaze kisabuni, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ukilia tu, namjua kaka yangu, atakuchezesha kwata."

Binti alijaribu kucheka, akaishia kuinyoosha karatasi.

"Usimtazame mtu," Chuma alimwelekeza. "Tazama ule ufa ukutani, juu ya vichwa. Ukimtazama mtu usoni, umekwisha." Kisha akaita, "Saa!"

Nyuma kabisa ya ukumbi saa ya kupimia mbio ilibonyezwa. Binti alikazia macho ufa, akaanza.

"Marehemu alijiunga na jeshi akiwa kijana mdogo..."

Sauti ilitoka, ikamshangaza mwenyewe. Alisoma vyeo, kimoja baada ya kingine. Alisoma medali. Alisoma mbio za nyika alizoshinda na kidole cha mguu kimevunjika, na makuruta waliotapika wakijaribu kumfuata mlimani, yeye yuko mbele anawaimbia. Wabebaji wakatabasamu, maana baadhi yao walikuwa kati ya hao waliotapika.

Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa la kwake. Na mistari ilikuwa inakaribia kwisha. Kulikuwa na jambo moja alilolikalia muda mrefu, na alijijua: akishuka hapa bila kulisema, hatalisema tena.

Aliishusha karatasi. Akaikunja.

"Binti," Chuma alionya.

"Nilipokuwa shule nilikuwa nakimbia," alisema, na hilo halikuwa limeandikwa popote. "Baba hakukaa jukwaani hata siku moja. Kila shindano naangalia jukwaa, simwoni. Nikajiambia, huyu anapenda mbio za makuruta wake, zangu hana habari nazo. Nikaziacha. Akaja na habari za jeshi, nikamwambia sitaki."

Shangazi aliacha kuchezea kamba ya mkoba.

"Halafu siku moja, mimi mtu mzima na kazi yangu, dereva wake wa zamani alikuja dukani kununua dawa. Akaniambia, 'Mzee alikuwa anakuja. Kukaa ndiko kulikomshinda.' Alikuwa anasimama nje ya uwanja, nyuma ya uzio wa nyaya. Nikiingia mita mia za mwisho, naye anachomoka huko nje, na buti zake, na magwanda yaliyopigwa pasi, anaruka mitaro, sambamba nami mpaka kwenye utepe. Akimaliza anarudi kwenye gari, anajipangusa vumbi, anamwambia dereva, 'Hujaona kitu.'"

Wabebaji walikuwa wamesahau kukaza mabega. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kila nikienda kumsalimia, neno linafika hapa, linakwama." Alijigusa koo. "Yeye hakuniambia alikuja, mimi sikumwambia najua. Wote wawili vichwa vigumu. Baba, mbio zangu hukukosa hata moja. Nakupenda. Nimekupenda muda wote huo nikiwa nimekununia."

Ufa ukutani ukayeyuka machoni mwake. Alilia waziwazi, mabega yakitikisika, mbele ya askari wote.

Hakuna aliyemkemea. Chuma aligeukia nyuma ya ukumbi, akasimama wima kusubiri amri.

Saa ilibonyezwa.

"Umepitiliza muda," sauti ilisema kutoka kwenye kiti cha magurudumu, sauti nyembamba, ikikatizwa na mrija wa oksijeni. "Na umelia." Kidole gumba cha Kanali kilitetemeka kikirudisha mshale kwenye sifuri. "Siku yenyewe sitasikia, mwanangu. Rudia. Anzia pale kwenye uzio."