Vipara Vitatu

Wasichana watatu walinyoa vipara asubuhi moja, nje ya hospitali moja jijini Mwanza, na hakuna kati yao aliyefiwa.

Kinyozi aliwauliza mara mbili. Precious, ambaye mdomo wake hautulii, akamwambia anyoe tu, maswali akamuulize mkewe. Monika alifumba macho. Apolonia, aliyekuwa na rasta za wiki moja, alilia kidogo kisha akacheka.

Walifanya hivyo kwa ajili ya Nyamizi, mwenzao wa cherehani kule Bariadi. Miaka ishirini na mbili, saratani ya tezi, dozi sita za dripu, na kichwa kitupu kama kibuyu. Dada mmoja wa ushauri nasaha alikuwa amewaambia kwamba kijana mwenye saratani huanza kuuawa na upweke. Msimwache peke yake, alisema. Basi wakaamua kwamba hata kipara hatakibeba peke yake. Ushauri ulikuwa mzuri kabisa. Ila aliyeutoa hakuwahi kufika Migato, kijijini kwao Nyamizi.

Nyamizi alipowaona wakiingia wodini alicheka mpaka dripu nusura ichomoke. Kwa mara ya kwanza tangu Januari akavua kitambaa kichwani. Na habari zilikuwa njema: uvimbe wa shingoni ulikuwa umenywea, na daktari alisema Ijumaa angeruhusiwa.

"Tangulieni nyumbani," aliwaambia. "Mkafagie, mkapike. Ila msiwapigie simu kusema napona. Nataka niuone uso wa baba mwenyewe."

Baba yake, Ngeleja, alikuwa amegombana na ndugu zake wote kwa sababu yake. Wao walitaka apelekwe kwa mganga. Yeye akampandisha basi. Siku ile, stendi ya Bariadi, mzee alimshika mkono akakataa kuuachia.

"Unirudie kwa miguu yako," alisema. "Wasije wakakuzika ugenini, mimi nikaletewa habari tu."

"Nitarudi, baba. Wewe meza vidonge vyako vya presha, uache uchuro."

Tangu siku hiyo alichokitaka Nyamizi duniani kilikuwa kimoja: kuingia uani kwao akitembea, baba yake akiona.

Wenzake waliondoka Alhamisi alfajiri. Ijumaa yeye hakuruhusiwa. Damu ilikuwa imeshuka, wakamzuia hadi Jumatatu. Simu ya baba haikupatikana, lakini hilo halikuwa jipya, mzee huichaji siku ya gulio. Simu ya Precious iliita tu. Jumapili ikapokelewa, na Nyamizi akasikia sauti za watu wengi.

"Njoo, Nyamizi," Precious alisema. "Wewe njoo tu." Akakata.

Jumatatu alasiri bodaboda ilikata kona ya mwisho kuingia Migato. Uani kwao palijaa watu. Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka, na gogo lilikuwa likiwaka katikati. Dereva akapunguza mwendo.

"Dada, hapa kuna msiba."

Nyamizi akatazama, na yote yakamjia kwa mpigo. Wasichana watatu wametoka hospitali, wana vipara, na mgonjwa hayupo nao. Huku kwao mtu hunyoa akishazika. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akamshika dereva bega.

"Ni msiba wangu huo," alisema. "Nishushe."

Aliingia akitembea, mgongo umenyooka. Alijiandaa kwa vigelegele, kwa mayowe, hata kwa kikongwe mmoja kutimua mbio akidhani ameona mzimu. Hakuna aliyeshtuka. Walimtazama, wakainamisha vichwa. Jambo hilo lilimuudhi. Mtu akifufuka anastahili walau kelele.

"Mwadila!" alisalimia kwa sauti.

Wachache waliitikia. Precious alipomwona akajifunika uso kwa khanga.

Mama yake, Mwandu, akatoka ndani. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa siku hiyohiyo, bado kinang'aa mafuta.

"Hata wewe, mayu?" Nyamizi alisema, kicheko hakijamtoka, macho yakizunguka uani kumtafuta baba yake. "Mmenyoa bila hata kuiona maiti?"

"Maiti tuliiona, mwanangu," Mwandu alisema. "Baba yako aliwaona wenzako wakivuka korongo, akaanguka kabla hawajafika. Tulimzika Jumamosi."