Neno Refu Kwenye Ripoti

"Hilo, mzee. Hilo refu," mama alisema, akionyesha kwa kidole kwenye karatasi.

Mfasiri alivaa miwani. Ilikuwa ripoti ya hospitali, kurasa mbili za Kiingereza, kuhusu kifo cha mtoto wa miezi saba. Iliandikwa kwamba kuchelewa kwa mama kumfikisha mtoto kulihusiana na kifo hicho. Kulihusiana kiasi gani, neno hilo moja, 'tangentially', ndilo lililosema.

"Nilingoja mvua ikatike. Saa mbili tu. Sasa mume wangu ananiita muuaji. Lakini binti wa jirani anasema neno hilo maana yake ni kwa mbali tu. Kwamba mimi nimeguswa pembeni, kiini kiko kwingine."

"Yeye ameisoma yote?"

"Ukurasa wa kwanza tu. Wa pili umejaa majina ya dawa."

Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi nje, furushi la nguo za mkewe likiwa mapajani. Hakumwamini yule binti wa jirani, mtoto wa shule; alitaka karatasi yenye muhuri.

"Ukiandika ni kwa mbali, mzee, leo narudi nyumbani kwangu."

Mfasiri alimmiminia maji. Simu yake ilitetemeka mezani, akaigeuza kifudifudi. Aliiendea rafu, akafungua kamusi, akaisoma amesimama, mgongo kwa mgeni wake. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu.

"Pole, mama. Huyo binti hajakosea sana. Asili ya neno hili ni kugusa. Lakini madaktari wakisema jambo limegusa kifo, wana maana ndilo lililokisababisha."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Moja kwa moja."

Mama aliisogeza glasi pembeni, maji hayajaguswa. Mfasiri alipiga chapa aya moja, akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke. Malipo aliyakataa.

Kupitia dirisha alimwona mume akisoma karatasi, midomo ikicheza. Kisha akaliweka furushi miguuni pa mkewe, akaondoka peke yake.

Mfasiri alifungua tena ukurasa wa pili wa ripoti iliyobaki mezani. Mstari wa tatu ulisema muuguzi wa zamu alimdunga mtoto dozi ya mtu mzima.

Aliichukua simu.

"Acha kulia, binti yangu," alisema. "Kesho vaa sare yako, urudi wodini."