Udi wa Bibi Harusi

Tangu asubuhi Bi Nunu, somo aliyemfunda bibi harusi, alikuwa akimfukiza Mwatime udi, nywele, nguo mpaka nyayo. Kufika alasiri bibi harusi hakuweza kumaliza sentensi. Mabega yalipanda na kushuka, na kifua kikapiga mluzi.

"Haya hizo," Bi Nunu alicheka. "Hata mimi siku ya harusi yangu nilitetemeka."

"Haya gani, Bi Nunu? Hii pumu," alisema Zulfa, dada mkubwa wa Mwatime. "Toeni chetezo cha udi nje. Fungueni madirisha."

"Basi mlazeni!" alisema Bi Nunu.

"Asilazwe. Akae wima, ainamie mbele kidogo."

Pampu ya pumu ilikuwapo mkobani, lakini Mwatime hakuwa na pumzi ya kuivuta sawasawa. Zulfa alimwaga maji ya chupa ya plastiki, akatoboa kitako chake kwa mkasi, akaitikisa pampu na kuichomeka tunduni ili dawa ijae kwanza chupani. Mwatime aliubana mdomo wa chupa kwa midomo yake. Zulfa akabonyeza mara moja.

"Vuta, toa. Taratibu. Mara tano."

Wakangoja nusu dakika, akabonyeza tena. Wanawake wote chumbani wakawa wanahesabu kwa sauti. Baada ya mbonyezo wa sita, mabega yakatulia.

"Somo," alisema Mwatime kwa pumzi moja, "huyo mwanamume akija ananukia udi, namrudisha kwao leo leo!"

Vicheko vilikuwa havijaisha bwana harusi alipobisha hodi. Bi Nunu akasimama katikati ya mlango, akamshika kanzu, akaanza kuinusa tangu kola.