Dirisha Jipya

"Bi Shamimu, mlango umekwama," mpangaji wake aliita kutoka ndani. "Nauvuta, haufunguki."

"Ni mvua hiyo, mwanangu. Mbao zimevimba," alijibu bila kufikiri, kama wanavyojibu wenye nyumba wote wa Mikindani.

Kisha akaziona korosho zake zilizoanikwa uani. Zilikuwa kavu. Mvua haijaanza.

Akanyanyua macho kwenye dirisha jipya, kando ya mlango ule. Wiki iliyopita bwana afya aliigongagonga fremu yake, akaridhika: chumba sasa kina hewa, mtu anaweza kuishi. Hakuuliza kilichopo juu yake. Fundi alipolitoboa alitaka kufunga renta pale, boriti ya zege, ibebe ukuta. Shamimu akamwambia apige plasta tu. Ukuta wa mawe uliojengwa na babu yake ungeshindwaje na dirisha?

Ufa ulianzia pembe ya dirisha, ukapanda mpaka juu ya mlango. Jana haukuwepo.

Akaugusa. Kidole kikazama chote. Alipokitoa, vumbi la chokaa likaanza kumiminika, laini kama unga wa muhogo, likamjaa mkononi, likamwagikia miguuni, na halikukoma.

Ndani, kichanga kililia.

Shamimu alifungua kinywa amkataze mama wa mtoto asiuvute mlango; ndio sasa ulioubeba ukuta. Vumbi likamwingia kinywani, akakohoa tu.

"Usihangaike, Bi Shamimu," mpangaji alisema akihema. "Nimeshaukita mguu ukutani. Sasa nauvuta kwa nguvu zangu zote."