Dawa ya Panya

Panya alifia chini ya jiko, damu ikimtoka puani na mdomoni. Wayua alimshika mkia kwa gazeti, akamtupa nje, kisha akatema mate. Mvua za El Nino zilikuwa zimeleta panya kila nyumba ya Machakos, lakini huyu alimtia kinyaa kuliko wote. Mnyama gani hutokwa damu bila hata jeraha?

Aliokota pakiti ya dawa ya panya nyuma ya kabati asome ni kitu gani hicho. Warfarin.

Neno hilo alikuwa amelisoma jana jioni, kwenye chupa ya dawa ya ndugu yake.

Ndugu huyo, Mwangangi, alikuwa uani akipiga mswaki juu ya karai. Tangu alazwe kwa ajili ya moyo, ufizi wake ulikuwa ukivuja damu, na mikononi alikuwa na madoa meusi ingawa hakuna aliyempiga. Akatema. Mate yalikuwa mekundu. Wayua akamkumbuka yule panya.

Nzilani!

Mke huyo wa Mwangangi alikuwa ameenda Kithyoko kumzika mamake, na mgonjwa akamwachia Wayua. Maagizo aliyatolea mlangoni, mfuko begani.

"Wifi, hicho kidonge ni kila jioni, usisahau. Ni cha damu. Na usimpikie sukuma nyingi, haipatani na dawa hiyo, tafadhali."

Mtu mgonjwa ananyimwa mboga, analishwa sumu ya panya, halafu mke anasema tafadhali! Wayua hakuwahi kumpenda mwanamke huyo na ukimya wake. Sasa alimwona mchafu kuliko choo cha soko. Kwa vikombe vile vile alivyoosha Nzilani, Wayua alikuwa akinywea chai. Alivisugua vyote upya kwa majivu.

Kisha akabeba chupa hadi chooni, akamwaga vidonge shimoni. Pakiti aliificha mkobani. Nzilani akirudi, wazee wangeiona kwa macho yao.

Siku zilizofuata alimpikia Mwangangi sukuma ya shambani kwake Kathiani, mchana na jioni.

"Na dawa yangu?" Mwangangi aliuliza.

"Dawa gani inakutoa damu kwa mdomo? Kula mboga, ndugu yangu. Mimi niko."

Damu ikakoma. Madoa yakafifia. Jumamosi Mwangangi alitema mate meupe kwenye karai, na Wayua akalia kwa furaha. Alikuwa amemwokoa mtoto wa mama yake.

Jumapili, wakijiandaa kwenda kanisani, Mwangangi alishika kifua, akaanguka kando ya meza.

Hospitalini daktari alitoka akivua glavu. "Pole sana, mama. Damu iliganda moyoni. Tumejaribu, lakini ametuacha."

Wayua hakulia. Chuki ilikuwa imemkausha machozi. Aliitoa ile pakiti mkobani kwa ncha za vidole, uso ameugeuza pembeni.

"Ni bibi yake, daktari. Alikuwa anampea hii."

Daktari alisoma jina la dawa kwenye pakiti.

"Najua. Dawa ni ile ile, ila ya binadamu ni kidogo. Ni mimi nilimwandikia vidonge vyake, ili damu isigande kwenye mishipa ya moyo," alisema. "Nani alimwachisha?"