Mbuzi Akubali Kwanza

Tangu sheria itake kila mnyama aridhie tiba kwa kauli yake mwenyewe, Mama Nyemo wa Kongwa alikuwa akipiga magoti zizini kubembeleza mbuzi. Asubuhi hiyo mtoto wa mbuzi wake Kidoti, wa siku mbili, alikuwa hoi, anaharisha, mdomo baridi. Kidoti mwenyewe kope za ndani zilikuwa nyeupe kwa minyoo iliyomnyonya damu.

"Kidoti mwenzangu, wewe nikunyweshe dawa ya minyoo, na mwanao nimpashe joto, nimpe maji ya chumvi na sukari. Unakubali?"

Hereni ya kutafsiri iliyoning'inia sikioni mwa mbuzi ikasema: "Wewe ya kwako umekunywa lini?"

Mumewe, aliyesimama mlangoni mwa zizi, akacheka hadi akashika nguzo.

"Lete vidonge vyetu vya minyoo, Baba Nyemo! Mtoto anakufa!"

Wakatafuna wote wawili, wakamwonyesha mbuzi ndimi zao. Kidoti akaridhia.

Adhuhuri kitoto kikasimama, kikayumba, kikakamata chuchu. Mama Nyemo akapiga vigelegele.

Kidoti alimtazama huku akicheua. "Asante," ikasema hereni. "Na kaka yake, mliyesema mnampeleka kutibiwa siku ya Krismasi, anarudi lini?"

Baba Nyemo akachukua ufagio, akaanza kufagia zizi lililokwisha fagiliwa.